Naomba ushauri: kuna vifaa nisivyovijua kwenye Wi-Fi yangu

Wakuu, habari zenu. Juzi usiku intaneti ilikuwa inasuasua, nikaingia kwenye ruta kuangalia waliounganishwa. Nikakuta vifaa saba. Vyetu ni vitano tu! Na nenosiri sijawahi kumpa mtu wa nje.

Nimeshabadilisha nenosiri la Wi-Fi na lile la kuingilia kwenye ruta yenyewe (aibu yangu, lilikuwa bado la kiwandani). WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri) nayo nimezima, maana PIN yake ya tarakimu 8 hukaguliwa kwa vipande viwili, kwa hiyo mdukuzi anahitaji kujaribu kama mara 11,000 tu badala ya mamilioni. Udhaifu huo unajulikana tangu 2011.

Ninapokwama ni hapa. Ruta ni ya zamani, mwisho wake WPA2 (kiwango cha ulinzi wa Wi-Fi kilichotangulia WPA3). Mtu akinasa mawasiliano ya mwanzo simu inapojiunga, anaweza kwenda kubahatisha nenosiri kwake taratibu bila mimi kuona chochote. Je, nenosiri la herufi 20 linatosha, au ninunue tu ruta yenye WPA3? Jamaa mmoja ananishauri nichuje anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa), yaani niruhusu vifaa vyangu tu, lakini si zinaonekana hewani na mtu anaweza kuziiga?

Halafu rafiki yangu anataka kuniletea kijana anayejiita mdukuzi mwema aupime mtandao. Wenye uzoefu, mtu wa hivyo mnamwaminije? Nimwandikie ruhusa yenye mipaka, au niachane naye nijipimie mwenyewe?