PENALTI IMEGEUKA VIGAE! Hawa watu wanatuona wajinga sisi wa Malindi

Mwana_wa_Maweni:
Jamani, nimezima TV sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnawajua ninaowasema, sina haja ya kuwataja. Ndio hao hao wa king'amuzi waliopita mitaani na gari la spika wakipayuka "picha safi, picha safi".

Dakika ya 89, mechi moja kwa moja, penalti ni yetu. Chumba kizima kimesimama. Mchezaji anarudi nyuma, anakimbia, anainua mguu... VIGAE! Uwanja mzima vigae vya kijani. Goti lake liko juu ya kichwa cha refa. Kipa hana kiwiliwili, ana glavu mbili tu zinaelea hewani. Na sauti wallahi haijakatika hata kidogo! Mtangazaji anapiga ukelele, sisi hatujui ni wa furaha au wa msiba. Picha kurudi, kipa ameinama anafunga kamba za kiatu. Matokeo tumeyapata kwa jirani mwenye dishi, tena kwa kuuliza dirishani!

Nikapiga simu. Binti ananiambia, "Zima king'amuzi, subiri kidogo, kisha washa." Nisubiri nini? Penalti itarudiwa kwa ajili yangu?

Watu wanainua mguu, wewe unaonyeshwa vigae. Siku za habari nazo msomaji ana mdomo shavuni. Maandishi ya chini hayasomeki hata ukisogea ukaigusa skrini kwa pua. Lakini hayo nimeyavumilia. Mguu ulikuwa UMESHAINULIWA!

Mla_Mahamri:
Pole kaka. Antena yako si ni ile ya kifuniko cha sufuria?

Mwana_wa_Maweni:
Antena mpya ya UHF, juu ya paa, waya mpya. Usinichokoze leo.

Mla_Mahamri:
Basi kipa alikuwa anafunga kamba kweli, usimsingizie king'amuzi 😂😂

Fundi_Waya:
Mwenye uzi ana haki. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, utaona mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora. Ubora ukiwa chini, picha inaganda na sauti inakatakata nayo. Hapo njoo kwangu tutazame antena. Lakini ubora umejaa, sauti safi, na kila kinachokimbia kinapasuka? Hilo ni lao. Masafa mamoja yanabeba stesheni nyingi kwa pamoja, na zote zinagawana nafasi ile ile. Wakizidi kuzishindilia, kila moja inabaki na kidogo. Mtu aliyekaa kitini anasoma habari anaweza kupita. Mpira, nyasi, mashabiki wanaoruka, hapo ndipo inaposhindwa. Halafu picha ya kawaida ni nukta 720 kwa 576, na nyinyi mnaivuta kwenye skrini ya inchi 50.

Mwana_wa_Maweni:
Asante fundi! Mmesikia? Ni LAO. Mguu umeinuliwa, nafasi wamewauzia watu wa mahubiri na dawa za nguvu!

Bi_Langoni:
Nyinyi wa Malindi mwalia vigae, sisi huku Amu, Lamu, hata hivyo vigae twavitamani. Antena haimalizi mwaka, chumvi ishaila. Na siku za joto, bahari imetulia, hakuna mvua wala upepo, stesheni zapotea zenyewe.

Fundi_Waya:
Ni kweli Bi. Hewa ya joto ikilala juu ya bahari hubeba mawimbi ya mbali sana, yakaja kugongana na yenu.

Mzee_wa_Chenga:
Turudishieni analojia, ile TV ya zamani kabla ya ving'amuzi. Ilikuwa na chenga, mchezaji ana kivuli chake pembeni, lakini penalti uliiona mpaka wavuni. Ilidhoofika polepole ukapata muda wa kumtuma mtoto aizungushe antena. Hii ya sasa ikifika mpaka wake inakatika ghafla. Tulihimizwa tuhamie dijitali haraka, eti mkataba wa kimataifa umeweka tarehe ya mwisho 17 Juni 2015. Tumehama. Tukahamia wapi?

Kijana_Muyeye:
Nyinyi mna stima ya kuonea vigae? Huku giza tangu magharibi. Nasoma uzi huu kwa asilimia nane ya chaji.

Mama_Zuu_Barani:
Afadhali giza. Mimi mfereji unatoa upepo tu, na wa mkokoteni amepandisha bei ya mtungi kwa sababu anajua hatuna pa kwenda.

Kijana_Muyeye:
Kwani Barani pia? Nilidhani ni sisi tu.

Mwana_wa_Maweni:
Jamani uzi ni wa TV! Mguu ulikuwa umeinuliwa!

Mama_Zuu_Barani:
Kijana, huko Muyeye mnauziwa mtungi pesa ngapi?

Kijana_Muyeye:
Bora usiulize mama. Na ukimwambia apunguze, anageuza mkokoteni anaondoka.

Mla_Mahamri:
Huyo wa mkokoteni namjua, anapita na kwetu. Juzi kaniletea maji ya chumvi, nimeharibu unga wote wa mahamri. Nani ana namba ya yule mwingine?