Dell ya 2012, niibadilishe prosesa na RAM au niachane nayo?

limbani_steshenari (Wete)
Asalam aleikum wadau. Nna Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, ndani ina prosesa ya i3-3220, RAM 4GB na hadidiski ya 500GB ile ile iliokuja nayo. Naitumia dukani, kuchapa barua, kuskani vyeti, picha za paspoti, na wateja wakileta flashi zao zimejaa vairasi ndo usiseme. Sasa imekuwa nzito mpaka naona haya mbele za watu, asubuhi ukiiwasha unafagia duka lote unaenda kununua vitumbua unarudi bado kinazunguka kile kiduara. Fundi mmoja kanambia nieke prosesa ya i7 na RAM nipandishe mpaka 16, kwa jumla na kazi yake inakaribia laki tatu. Kaka angu yeye hataki hata kusikia, anasema hela hio usiizamishe kwenye kizee, jikaze ununue nyengine. Mie hio laki tatu ndo iliopo. Na mdogo wangu nae anataka kuanza kukata video za harusi hapo hapo. Nishike la nani?

fundi_mkunazini
Waaleikum salaam. Usitoe hata mia kwanza. Ikianza uzito wake bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kitafunguka kidirisha kinaonesha CPU (ndo prosesa), Memory (ndo RAM) na Disk, utazame ipi imeganda kwenye mia. Mie bila kuiona nakwambia ni Disk, na prosesa utaikuta haina habari.
Hadidiski ya kuzunguka ikiwa nzima inasoma faili kubwa kwa kama MB 100 kwa sekunde, si mbaya, lakini Windows ikiwaka haitaki faili moja kubwa, inataka maelfu ya vifaili vilivotawanyika, kile kichwa kinakimbia huku na huku kama kuli wa bandarini siku ya meli mbili. SSD ya SATA, ile diski isiyokuwa na kinachozunguka, inafika MB 500 na hivyo vifaili vidogo haivijali. Sasa ukieka i7 juu ya diski ile ile, utakuwa na prosesa ya hela nyingi inayosubiri tu.
Kwa hio SSD mwanzo, RAM ya pili. Prosesa mwisho na huenda usiifikie. RAM ni DDR3 ya desktopu, mashine yako ina nafasi nne na inabeba mpaka 32GB, ila kwa kazi zako 8 inatosha. Kama ndani mna kijiti kimoja cha 4 tia chengine cha 4, viwili vinafanya kazi kwa pamoja, haraka kuliko kimoja kikubwa. Jihadhari usiuziwe RAM za seva, ni rahisi sana na sura ni hio hio, ukizitia haiwaki. DDR4 haingii, ya laptopu fupi. Na SSD iwe ile ya inchi 2.5, sio kile kiubao cha M.2, 7010 haina pa kukichomeka.

maalim_konde
Fundi kasema sawa, mie naongeza la Windows maana hapo ndo hela za watu zinapotea. Windows 10 imekwisha huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026 kwa anaejiandikisha, baadae basi. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. i3 yako kizazi cha 3, na hio i7 anayokutajia yule fundi wako bila shaka ni 3770, kizazi cha 3 vile vile! Madabodi hio haipokei kipya zaidi. Kwa hio ukilipa laki tatu unabaki upande ule ule wa ukuta. SSD angalau siku ukinunua mashine nyengine unaichomoa unahama nayo, prosesa ile utahama nayo wapi?

nuru_pikcha
Jamani mmemsahau mdogo wake. Video ni kazi nyengine, pale prosesa inatumika kweli kweli. i3-3220 ina koo (core, vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu, 3770 ina nne na njia nane za kazi, wakati wa kutoa video iliomalizika utaona tofauti kubwa. Lakini hata hivyo mie simshauri. Simu nyingi siku hizi zinarekodi H.265, mtindo mpya wa kubana video, na prosesa za kizazi hicho hazina sehemu maalumu ya kuifungua, kila kitu kinafanywa kwa nguvu tu, ukiburuza video inakatakata hata ukieka hio i7. Kama lazima, arekodi H.264, ule mtindo wa zamani, ya 1080, hapo atapumua kidogo. Kazi ya mtu ya harusi hairudiwi kaka angu, usimwachie kizee.

limbani_steshenari (Wete)
Fundi umekuwa mganga, Disk 100 CPU 14, na Memory imejaa karibu yote. Nimeridhika, SSD ya 256 na kijiti cha 4. Sasa nihamishe Windows ilivo au nianze upya? Barua za wateja zote zimo humo.

fundi_mkunazini
Kwa flashi ulizozitaja, anza upya, usihamishe vairasi nyumba mpya. Barua na picha zitoe mwanzo kabla ya mtu kushika bisibisi, na diski hio kama inalia krr krr usiichelewe hata siku. Kisha mashine ikishafunguliwa futa vumbi kwenye feni, na zile shaba za RAM zisugue kwa raba ya skuli, hewa yetu hii ya chumvi inazila. Ukikosa kibanio cha SSD ibandike kwa tepu ya pande mbili, haina kinachozunguka ndani. Hela itakayobaki tia kwenye UPS, lile betri linaloshika umeme ukikatika, umeme ukikatika katikati ya kuandika ndo diski zinakufa hivyo.

nuru_pikcha
Na mdogo wako akija Unguja anitafute, aje akate hapa kwangu hizo harusi za mwanzo, akishalipwa ndo afikirie mashine.