Tupeane uzoefu: ndege na wanyama wa Nairobi, umeona kituko gani kwa macho yako?

Wadau, leo siasa kando. Leteni mliyoyaona wenyewe, si ya kusimuliwa na binamu.

Naanza na wale korongo wa Mombasa Road, karibu na uwanja wa Nyayo. Tumekwama kwenye foleni, jua la saa nane, namwona mmoja juu ya mgunga anajinyea miguuni, tena kwa makusudi. Konda akasema huyo ana homa ya tumbo. Wapi! Ndivyo wanavyojipoza: majimaji yakikauka yanaondoka na joto la mwili. Miguu yenyewe ni ya kijivu, ule weupe mnaouona ni kinyesi kilichokauka. Ndege mwerevu, ila gari siegeshi chini yake.

Wa Ngong Road: Shuleni kwetu mwewe walijua kengele ya mapumziko kuliko mwalimu wa zamu. Kabla haijalia, anga tupu. Ikilia tu, hao. Anakujia kwa nyuma, anakwapua andazi kwa kucha, na analila hukohuko hewani bila kutua. Tulikuwa tunakula tumejibanza ukutani.

Wa Parklands: Kima wa City Park wanakagua watu. Mikono mitupu, hata hawakuangalii. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017 nilidhani tutapumzika. Sasa wanafuata ya kitambaa. Anajaza njugu kwenye mashavu, anakwea juu, ndipo anatafuna taratibu.

Wa Kasarani: Mimi nawaletea mnana, yule ndege msuka viota, kuna mti wao nyuma ya ploti yetu. Dume anasuka kiota kwa nyasi mbichi, kisha anajining'iniza chini yake akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi, anatoka. Hajapenda! Kiota kikishakauka na kugeuka rangi, hakuna anayekitaka, na dume anakibomoa mwenyewe, unyasi kwa unyasi, anaanza kingine palepale. Nimeacha kufua mara kadhaa nikiangalia tu.

Wa Umoja: @Wa Kasarani, dada, mlete huyo dume awe keateka wetu. Bomba linavuja tangu Pasaka.

Wa South B: 😂 Jamani, na wale ndege kwarara wanaopita alfajiri wakipiga mayowe kama wameibiwa? Kwetu wanalala kwenye mikaratusi ya jirani. Akianza mmoja, wote wanadakia. Kwenu wanaanza saa ngapi?