Mjadala: Sauti ya mwanao ikiigwa na mashine ukatuma pesa, hasara ni ya nani?

MwalimuKayole:
Jirani yangu, mama anayeuza mboga hapa Kayole, alipigiwa simu jioni na kijana wake aliye chuoni Eldoret. Sauti ni yake kabisa, analia. Amegongwa na boda, simu imevunjika, atumiwe pesa haraka kwa nambari ya muuguzi. Mama akatuma pesa za chama chao cha kuchangiana alizokuwa ameshikilia. Kijana alikuwa bwenini, mzima. Mama alipopiga huduma kwa wateja akaambiwa ametuma mwenyewe kwa nambari yake ya siri, na pesa zimeshatolewa. Tujadili bila matusi: hasara ibaki kwake peke yake, au kampuni iliyopitisha pesa ichangie? Mimi nasema ichangie. Mwaka 2023 Microsoft walionyesha mtambo wao, VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sekunde 3 tu za kumsikia. Watoto wetu wako TikTok wakiongea kutwa. Huyu mama angejikinga kwa lipi?

MhasibuSouthB:
Pole kwa jirani, Mwalimu, lakini sikubali. Kabla pesa hazijaondoka, simu hukuonyesha jina la unayemtumia. Ukiona humjui, unasimama, unampigia mwanao au rafiki yake. Tukianza kumlipa kila aliyedanganywa, watu watashirikiana: huyu atume, yule atoe, wadai fidia wagawane. Na gharama itarudi kwenye ada tunazokatwa sote. Tena tusisahau ni watu hawahawa waliopanga foleni jumba la KICC mwaka 2023 wakapigwa picha za macho na Worldcoin, wale wa sarafu za kidijitali, wakauza macho yao kwa elfu saba. Aliyeuza jicho asilie akiibiwa sauti.

MwalimuKayole:
Jina aliliona. Aliambiwa ni la muuguzi. Angelijuaje kuwa si lake?

BintiKawangware:
Mhasibu, watu hawahawa ndio akina nani? Mimi nilikuwa kwenye hiyo foleni. Julai ya mwaka huo ushuru wa mafuta ulikuwa umetoka kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, nauli ikapanda, unga ukapanda, na mimi sina kazi. Landilodi alikuwa ameshapiga kufuli mlango wangu, nguo za mtoto ziko ndani. Nikaangalia kwenye ule mpira wa chuma wa kupiga picha macho, nikapata pesa, nikafunguliwa nyumba. Huyo mama wa mboga hajauza chochote. Umemtukana yeye, umenitukana mimi, na wote wawili hutujui.

DerevaRongai:
Dada sema! Hata watu wa suti walikuwa pale, nilibeba wawili mimi mwenyewe. Leo hakuna anayekubali alikuwepo.

MhasibuSouthB:
Sijamtukana mtu. Nimesema ukweli usiopendwa: ukikosa uangalifu, unalipia. Mimi nimekaa kwenye mambo ya pesa miaka mingi, na mtu aliyesoma akaelimika huuliza maswali kabla ya kutuma.

MsomiMadaraka:
Tuweke rekodi sawa. Watu walipewa sarafu za kidijitali za Worldcoin zenye thamani ya kama shilingi 7,000, si noti mkononi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile za macho zifutwe, kwa sababu hakukufanywa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa halali. Mahakama imeshasema, basi, kwamba kukubali ukiwa umebanwa si kukubali. Hoja hiyo inamhusu huyu mama moja kwa moja: nambari ya siri aliibonyeza, lakini alikuwa ameshadanganywa. Uingereza wameshalitatua hili. Tangu Oktoba 2024, mteja wa benki akidanganywa akatuma pesa, hurudishiwa hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Kwa hiyo hata benki ya mwizi ina sababu ya kumchunguza mteja wake. Na kuhusu waliosoma: mwaka 2024 mfanyakazi wa Arup, kampuni kubwa ya wahandisi, aliingia mkutano wa video Hong Kong, akawaona wakubwa wake, akatuma kama dola milioni 25. Wakubwa wote kwenye skrini walikuwa bandia.

MhasibuSouthB:
Hong Kong si Nairobi. Na jaji aliamua mambo ya macho, hakuamua mambo ya pesa za simu. Usichanganye.

KijanaWaMitambo:
Mnapigania nini wakati data zetu zote ziliibwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipovamiwa Julai 2023? Sauti ni jambo dogo. Majina, vitambulisho, kila kitu kiko nje.

MsomiMadaraka:
Hapana. Kundi la wadukuzi la Anonymous Sudan liliijaza mifumo maombi bandia ya mtandaoni hadi huduma zikalala, watu wakashindwa kununua tokeni za stima na kukata tiketi za treni. Kuziba mlango na kuingia ndani ni mambo mawili. Marekani iliwashtaki ndugu wawili wa Sudan kwa kazi za kundi hilo, na mashtaka yalitangazwa Oktoba 2024.

KijanaWaMitambo:
Hilo ni lile serikali ilitaka tuamini. Na msikimbilie kuomba sheria mpya. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 tayari inaadhibu kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Rais alipotia sahihi marekebisho yake Oktoba 2025, Mahakama Kuu ilibidi isimamishe baadhi ya vifungu kwa sababu ya hofu kwamba vitatumika kuwanyamazisha watu. Mkidai sheria ya akili unde (AI), watakaokamatwa ni wachora katuni, mwizi wa sauti ataendelea kulala nyumbani.

DerevaRongai:
Turudi kwa mwizi. Pesa zilitolewa kwa wakala, si ndiyo? Basi mawakala wanawajua hawa watu. Wanakula nao.

WakalaGikomba:
Nimesoma kimya, lakini hapo ndugu umenigusa. Nafungua duka alfajiri, nafunga usiku, kamisheni yenyewe ni shilingi chache. Mtu anakuja na kitambulisho, jina kwenye simu na kwenye kadi ni moja, nimfanye nini? Nimnyime pesa zake kwa sababu sura yake imenitia shaka? Unayoyaita kula nao yanaanzia mbali na kaunta yangu. Kuna wachuuzi wa laini wanaosajili mtu mmoja laini kadhaa bila yeye kujua, kisha zinauzwa. Bibi wa kijijini anaitwa na polisi kuhusu nambari asiyoijua. Jina unaloonyeshwa, Mhasibu, linaweza kuwa la huyo bibi. Hata ukilisoma vizuri halikusaidii.

DerevaRongai:
Sawa, labda si wote. Lakini wapo mnaotoa bila kuangalia kadi.

WakalaGikomba:
Wapo, na wafungiwe. Usiniweke kapu moja nao.

BintiKawangware:
Mhasibu amekwepa swali langu, nimeona.

MwalimuKayole:
Jamani, mama wa chama anadaiwa. Wenzake wanataka mzunguko wa mwezi huu ulipwe, na wana haki. Kuna mwenye pendekezo?

WakalaGikomba:
Mimi ninalo, na halihitaji sheria. Ukituma pesa nyingi kwa nambari ambayo hujawahi kuitumia, zikae saa moja kabla hazijatolewa. Wezi hawa hushinda kwa haraka. Ukiwaondolea hiyo haraka, mama atakuwa ameshampata kijana wake kwa simu ya mwenzake wa bwenini, atasimamisha.

MhasibuSouthB:
Na mgonjwa wa kweli akihitaji pesa dakika hiyohiyo? Afe akisubiri saa yako?

WakalaGikomba:
Hospitali ina nambari yake ya Paybill, ya kulipia kwa simu, imeandikwa ukutani pale kwenye malipo. Ya huko isizuiwe hata dakika moja. Nambari ya muuguzi ndiyo isubiri.