Baba amerudi ziwani

JUMATATU JIONI

Furaha: Shikamooni wote. Nina jambo. Nimempata mtu wa kumpeleka Baba kuvua Ziwa Kentucky. Ni mwenyeji wa kule, kazi yake ndiyo hiyo: anakuchukua kwenye boti yake, anakupeleka samaki walipo, anakufundisha. Nusu siku, watu watatu, dola 400. Fimbo, chambo na majaketi ya kuokolea ni vyake. Samaki mnaondoka nao.

Mama Amani (mke wa Baba, bibi wa Amani): Marahaba mwanangu. Dola 400?

Bahati: Dada, kwa hela hiyo tunajaza friza sato mpaka Krismasi.

Furaha: Kaka, Baba hajashika mshipi tangu 1996. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tulikaa miaka 20, ziwa tulilisikia tu kwa wanaotoka Kigoma. Na hapa Bowling Green, Marekani, anakaa dirishani anatazama magari yamepaki. Juzi nimemkuta anamfundisha Amani kufunga ndoana kwa uzi wa cherehani. Ndoana yenyewe ni pini aliyoikunja. Nilitoka nje nikalia.

Shangazi Mwamini: Mimi natoa 100. Mambo ya friza tuyaache.

Bahati: Basi shangazi, nimekosea. Natoa 100 na gari nitaendesha mimi.

Mjomba Jumanne (Kigoma): Nimeamka huku nimekuta mazuri. Ni samaki gani hao?

Furaha: Shikamoo mjomba. Wanaitwa kropi. Wako wa aina mbili, mweupe mwenye mistari ya kusimama ubavuni, na mweusi mwenye madoa yaliyotawanyika. Umbo ni bapa kama sato, ila mdomo mkubwa. Nyama nyeupe, tamu, haina harufu ya tope. Mwezi huu wa nne ndio wakati wao, maji yakipata joto kidogo wanasogea kando kutaga. Wazee wa huku wanasema ule mti wa maua meupe unaoitwa dogwood ukichanua, kropi wamefika kando.

Mjomba Jumanne: Marahaba. Kila ziwa lina mti wake.

Mama Amani: Furaha, huyu mtu tunamjua? Mwaka jana tulituma amana ya dola 100 kwa mtu wa mtandaoni, tukafika gatini saa 11 alfajiri hayupo, simu imezimwa. Baba alirudi kimya njia nzima.

Furaha: Safari hii nimepiga simu mwenyewe, mama. Nimemuuliza majaketi ya mtoto anayo, upepo ukiwa mkali anafanyaje, amana inarudi au hairudi. Amesema upepo ukizidi haondoki na boti, tunapanga siku nyingine bila kulipa zaidi. Nilipomwambia Baba ni mvuvi wa Tanganyika alinyamaza kidogo, akauliza, "Lile ziwa refu?" Nikajua huyu anapenda maji.

JUMATANO

Furaha: Leseni jamani. Kila mwenye miaka 16 na zaidi lazima awe nayo, hata kama mwenye boti anayo ya kwake. Amani ana 14, hahitaji. Baba amepita 65, wazee wana ya kwao ya bei nafuu.

Bahati: Mimi ninayo ya mwaka jana, niliikata mwezi wa tano. Bado haijaisha.

Furaha: Imeisha kaka. Mwaka wa leseni Kentucky unaanza 1 Machi, hata kama uliikata mwezi wa tano. Kata nyingine leo leo, askari wa wanyamapori wanakuja mpaka kwenye boti.

Bahati: Aisee. Nimekata. Nimetuma picha.

Mama Neema (jirani): Habari zenu jirani. Mkipata samaki wengi nitengeeni, nitanunua. Watu wanauliza samaki wa ziwani kila siku dukani kwangu.

Furaha: Salama Mama Neema. Kununua haiwezekani, sheria ya huku inakataza kuuza samaki aliyevuliwa kwa leseni ya kawaida kama kropi. Utaletewa sahani, utakula na watoto.

Mama Neema: Mungu awabariki. Sikujua hilo, ningejiingiza matatani.

JUMAMOSI ALFAJIRI

Bahati: Saa 9:40 usiku. Tumetoka. Baba amevaa suti.

Shangazi Mwamini: Suti ya kanisani?

Bahati: Ndiyo. Amesema ziwani haendi kama mtu anayekwenda shambani. Nimembebea suruali nyingine na makoti, asubuhi kuna baridi.

Bahati: Saa 12:05 asubuhi. Tumefika. Mwenye boti alikuwa anatusubiri, taa zimewaka. Amemsalimia Baba kwa mikono miwili. Sijui nani kamfundisha.

Furaha: Mimi nilimwambia.

JUMAMOSI MCHANA

Bahati: Mtandao ulikuwa unakata. Nawasimulia.

Hili ziwa ni la kutengenezwa na binadamu, yaani mto Tennessee ulizibwa kwa bwawa, kazi ikaisha 1944. Jamaa anasema mashariki ya mto Mississippi hakuna ziwa la kutengenezwa linalolizidi kwa ukubwa wa uso wake. Halina kina. Majira ya baridi wanayashusha maji, na kuanzia mwezi wa nne wanayapandisha kama futi tano, kwa hiyo vichaka vya kando vinaingia majini na kropi wanavifuata.

Tukafika mahali akazima injini. Akasema hapa upande huu palikuwa na mji, unaitwa Birmingham. Watu walihamishwa, maji yakaja juu ya mji. Nikamtafsiria Baba. Akauliza swali moja tu: makaburi je? Jamaa akasema makaburi mengi yalihamishwa kabla ya maji. Baba akavua kofia, akaishika magotini mpaka tulipoondoka pale. Hakuna aliyesema kitu. Hata Amani.

Mama Amani: Eeh Mungu.

Bahati: Halafu ile sona yake. Ni kioo kama televisheni ndogo, inaonyesha mbele ya boti, si chini tu. Unaiona miti iliyozama, unaona samaki wametulia kando yake kama mbegu za maboga, na unaiona ndoana yako ikishuka. Akatuambia tusiishushe kupita kropi. Macho yake yanatazama juu, chakula anakifuata juu. Ukimpita umemkosa, hashuki.

Mjomba Jumanne: Hilo ni la maana. Chambo kikae juu ya kichwa chake.

Bahati: Ndiyo mjomba. Chambo ni samaki wadogo hai kwenye ndoo, au kinyoya kidogo chenye risasi ya uzito kichwani, wanakiita jigi.

Shangazi Mwamini: Baba yenu mbona haongei? Yuko wapi?

Bahati: Ametuma sauti, shangazi, sikiliza.

Baba: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:48)

Shangazi Mwamini: Niko kiwandani, masikio yamezibwa. Furaha niandikie.

Furaha: Naandika kama alivyosema, sipunguzi kitu.

"Mwamini dada yangu, pole na kazi. Mimi niko majini. Ziwa hili ni dogo, ukitazama ng'ambo unaona mti mmoja mmoja. Si kama letu, ukishapita rasi ya Ubwari ng'ambo ni milima ya Tanzania, na siku ya ukungu huioni. Lakini harufu ya asubuhi ni ile ile. Nilipoinusa magoti yalinilegea, nikakaa chini nikasema nimechoka na safari.

Kijana amenipa fimbo ndefu nyepesi, uzi mwembamba kama unywele. Samaki wa kwanza nilimvuta kama tunavyovuta samaki wetu mukeke. Nikabaki na ndoana, na kipande cha ngozi ya mdomo juu yake, cheupe, unaona mwanga ukipita. Mdomo wa samaki huyu ni karatasi. Kijana akanionyesha: hupigi, unanyanyua, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala. Nikampoteza wa pili. Wa tatu akaja.

Sasa sikiliza. Nikaona fimbo hainiambii kitu. Nikaweka kidole cha shahada juu ya uzi, kama zamani. Nikawa nahisi uzito wa risasi kule chini. Halafu uzito ukapotea. Haukuvutwa, ulipotea. Nikasema, yupo. Kijana alikuwa anatazama televisheni yake, akasema bado. Nikanyanyua. Alikuwepo, mkubwa. Kropi anakula akipanda, anaibeba risasi juu, mkono unaona wepesi. Kijana akazima televisheni yake, akaja akakaa karibu yangu, akaweka kidole chake kwenye uzi wake. Tukavua hivyo mpaka saa nne. Yeye Kiingereza, mimi Kiswahili.

Mwamini, sikujua kwamba kidole bado kinakumbuka."

Shangazi Mwamini: Nimetoka nje ya laini ya kazi. Msimamizi ameniuliza kuna msiba? Nimemwambia hapana, kaka yangu amevua samaki.

Mama Neema: Na mimi nalia huku, na simjui vizuri hivyo mzee wenu.

JUMAMOSI JIONI

Amani: Babu 17, mimi 12, mjomba Bahati 9.

Bahati: Imetosha Amani.

Amani: Kila mtu ruhusa ni kropi 20 kwa siku na samaki lazima afike inchi 10. Kuna ubao wenye alama, unamlaza unafunga mdomo unapima. Babu alirudisha hata mmoja wa inchi 10 na nusu.

Furaha: Kwa nini?

Amani: Alikuwa na tumbo la mayai. Babu alisema huyu aende.

Bahati: Hapo palikuwa na mazungumzo. Baba aliuliza, nyie mnavua wakati wa kutaga, kesho mtavua nini? Jamaa hakuchukia. Alisema kropi hutaga mayai maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana wamewekewa kipimo na idadi, ili wengi wazae kabla ya kufika sufuriani. Akamwonyesha dume: shingo na kidevu vimekuwa vyeusi, maana dume ndiye analinda kiota. Baba akasema sawa, lakini mwenye mayai tumrudishe. Jamaa akarudisha na wake wawili.

Mjomba Jumanne: Yuko sahihi shemeji yangu. Huku 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Watu tulipata shida, sitaficha, nyumba nyingi zililala na chai. Lakini samaki walikuwa wanapungua sisi wenyewe tukiona.

Mama Amani: Mmefika wapi? Ugali wa muhogo uko tayari na sombe liko jikoni.

Bahati: Dakika 40. Mama, kuna kitu. Kule gatini jamaa alianza kutoa minofu kwa kisu cha umeme, dakika moja samaki watatu. Vichwa na mifupa kwenye ndoo ya kutupa.

Mama Amani: Vichwa?!

Bahati: Baba alimshika mkono taratibu, akamwomba kisu cha kawaida. Akaparua magamba, akatoa matumbo na matamvua, akakata mistari mitatu ubavuni, akamwacha na kichwa chake. Kazi ilichukua saa nzima. Jamaa alisimama akaangalia samaki wote, mpaka wa mwisho. Akaomba apige picha ya mikono ya Baba. Mikono tu.

Mama Amani: Leteni. Chumvi, ndimu, pilipili, mawese ninayo. Wakubwa nawakaanga, wadogo mchuzi.

JUMAPILI

Mama Neema: Sahani imefika. Watoto wamelamba vidole. Samaki mtamu, nyama inaachia mfupa yenyewe. Asanteni sana, asante mzee.

Shangazi Mwamini: Mimi nimekula kichwa. Kaka aliniwekea kichwa kikubwa, kama zamani kule Baraka, Kongo.

Furaha: Nani ametoa nini: shangazi 100, Bahati 100 na mafuta ya gari, mimi 150, Mama Amani 50. Jumla 400, imetimia. Zaidi ya hapo tulimpa jamaa asante ya dola 60, huku ndiyo desturi, naomba mniunge mkono kwa hiyo.

Mama Amani: 20 yangu hiyo hapo.

Bahati: 20 na yangu.

Baba: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

Furaha: Shangazi, nakuandikia: "Nimemuuliza kijana kama hawavui kwa taa. Amesema wanavua, kiangazi, usiku. Wanafunga boti, wanashusha taa ya kijani majini. Wadudu wa majini wanakuja kwenye mwanga, samaki wadogo wanawafuata wadudu, na kropi wanakaa chini gizani, wanangoja. Nimemwambia hiyo ni karabai. Kwetu dagaa wanakuja kwenye karabai, na mukeke wanakuja nyuma ya dagaa. Akaniuliza, mwezi ukiwa mkubwa mnafanyaje? Nimemwambia tunalala. Akasema na yeye pia."

Mjomba Jumanne: Huyo ni mvuvi! Mwambie shemeji mwezi ukiwaka huku pia tunashona nyavu tu.

Bahati: Mwezi wa saba giza ni lini? Naomba ruhusa kazini mapema, wananitaka niseme wiki tatu kabla.

Amani: Natafuta kwenye simu.

Baba: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Furaha: Anasema msitafute kwenye simu, atahesabu mwenyewe. Na suti ipelekwe kwa dobi.