Corolla DX ya 1982 (KE70): nianze na bodi au injini?

Chumbageni82:
Habari za jioni wakuu. Baba mdogo kanikabidhi DX yake ya 1982, injini 4K, giaboksi ya gia nne. Imekaa miaka chini ya mwembe hapa Tanga. Juzi tumeweka betri na petroli mpya, tukasafisha platini, ikawaka. Asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Rangi ina vipele kwenye kona za kioo cha mbele na chini ya milango. Rafiki yangu wa Dar anasema nitoe 4K, niweke injini ya 4A-GE, nikate springi ikae chini, rangi itafuata. Mimi ni mwalimu, hela inaingia mwezi kwa mwezi. Nataka gari ya kutembelea kila siku, na likizo nipande nayo Lushoto. Nianzie wapi?

GiaTano:
4A-GE mkuu! Kamshafti mbili, vali 16, na DX ni nyepesi. Hutajuta.

MzeeWaBati:
Kijana, hongera sana, na mpe shikamoo yangu baba mdogo kwa kutoiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hizi E70 (KE70 yako ni mojawapo) zilitoka 1979, na zilipokuja za 1983 sedani za kawaida zikageuzwa kuvuta kwa mbele. Ndiyo maana vijana wanazigombania hizi za kusukuma kwa nyuma.

Nanyoosha bodi hapa Mombasa, chumvi ya bahari naijua. Vipele ulivyoviona kwenye kona za kioo vinatokea ndani. Maji yanakaa chini ya raba, bati linaliwa, rangi ndiyo ya mwisho kukwambia. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe taratibu: chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, mahali pa tairi la spea. Ikikosa kushika, hapo kuna puti ya kujazia, hakuna bati. Halafu inua mazulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza.

Palipooza pakatwe mpaka ufike kwenye bati jeupe, kipande kipya kichomelewe kwa mashine ya umeme ya CO2. Kuchomelea kwa gesi kwenye bati jembamba kunalipinda, utamaliza puti kulinyoosha. Kisha praima ya epoksi, na ndani ya mapango ya milango upulizie nta. Zibua vitundu vya chini vya milango. Fundi akikwambia atapaka puti juu ya kutu, chukua funguo zako uondoke.

Injini: moshi wa bluu wa kuwashia tu, unaoisha, mara nyingi ni sili za vali. Pima kompresheni kabla hujafungua chochote. 4K ni 1,290 cc, bloku ya chuma, haina makuu. Ukitaka nguvu tafuta 5K ya TownAce au LiteAce: 1,486 cc, ukoo uleule, inakaa kwenye giaboksi ya K bila vita. Sampo (karai la oili) na mrija wa kunyonyea oili utahamisha vya 4K yako, kwa sababu injini ya gari la mizigo imetengenezwa kulala chini ya viti. Ongeza giaboksi ya K50 ya gia tano, barabara ya Segera utaifurahia. 4A-GE nyingi zinazopatikana zimetoka kwenye gari za kuvuta kwa mbele. Utalipia mabomba ya maji, mikono ya injini, waya na giaboksi ya T50 ambayo haionekani hovyo. Kwa mshahara wa mwezi, gari litakaa juu ya mawe.

Springi usikate. Za nyuma ni za koili. Ukizifupisha, gurudumu likining'inia kwenye shimo koili inaweza kutoka kitini. Na kama unapanda Lushoto, kuna kushuka Mombo. Badilisha hozi zote za breki, ringi za silinda za breki na mafuta yake kabla hujafikiria rangi.

KinondoniDX:
Naunga mkono. Ukibadilisha injini, peleka namba mpya TRA iingie kwenye kadi, la sivyo siku ya kuuza au kukaguliwa utahangaika. Spea za K, Gerezani zipo. Nenda na sampuli mkononi.

Chumbageni82:
Mzee, shikamoo. Sumaku imeanguka mlango wa kushoto nyuma na kwenye tao la kulia. Sakafu inalia yote isipokuwa miguuni kwa dereva. Breki nimeshaanza. Kioo nikitoe sasa?

MzeeWaBati:
Marahaba. Sakafu ya dereva ndiyo ya kwanza, hapo unakanyaga breki. Kioo subiri: nunua raba mpya kwanza uishike mkononi. Ya zamani ikitoka imekauka, hairudi, na mvua za masika zitaingia hadi kwenye dashibodi. Kona zikifunguliwa nitumie picha kabla fundi hajakata.