Mzee anataka chai anasema "kiatu", je akili imeenda?

binti_walukuba: Jamani naombeni msaada. Baba yangu ana miaka 64, alikuwa dereva wa malori hapa Jinja, kiharusi kimempiga wiki sita sasa. Mkono na mguu wa kulia vinarudi pole pole ila maneno ndo yamepotea. Jana kashika kikombe ananinyooshea, anasema "kiatu, kiatu", nikamletea viatu akavitupa akaanza kulia, kumbe anataka chai. Lakini alfajiri anasoma Fatiha yote hakosei hata herufi. Sielewi kabisa! Baba wadogo wanasema hajielewi tena na washaanza kukaa vikao vya shamba bila yeye, wengine eti karogwa. Akili imeenda kweli?

mama_bombo: Pole sana dada. Hajarogwa. Hiyo inaitwa afasia, kiharusi kimeumiza ubongo upande wa kushoto ndo maana mkono wa kulia ukalegea, na kwa watu wengi lugha inakaa huko huko kushoto. Anachotaka anakijua, ni neno ndo halipatikani linakuja jirani yake. Na hicho kilio kinaonyesha anajua hujamuelewa. Fatiha inatoka kwa sababu imeshikamana tangu utotoni, haitafutwi neno moja moja, hata kuhesabu na nyimbo za zamani ni hivo hivo. Mwaka 1861 daktari Broca kule Paris alikuwa na mgonjwa anayesema "tan" tu kila akiulizwa kitu, na bado alikuwa anaelewa mengi anayoambiwa.

fundi_arua: Nakubaliana na mama_bombo ila tusimdanganye, wapo ambao hata kuelewa kunapungua kwahiyo mpime kwanza. Mimi nimemuuguza mke wangu. Muulize vitu vya wazi, "wewe ni mwanamke?" "hapa ni Jinja?", agonge meza mara moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana, maana mdomo unaweza kusema ndiyo huku moyo unasema hapana. Zima redio, ongea mmoja mmoja, usimuulize "unataka nini" muonyeshe chai na maji achague, halafu SUBIRI, usimmalizie neno. Mke wangu Kiswahili kilirudi kabla ya Kilugbara chake, kwahiyo mwacheni ajaribu lugha zote. Akikohoa kila akinywa maji mrudisheni hospitali haraka, yasije yakaingia kwenye mapafu. Na ulizieni hospitali ya Mulago kule Kampala wataalamu wa usemi, Chuo Kikuu cha Makerere wanawafundisha tangu 2008, ni wachache jamani lakini wapo.

binti_walukuba: Asanteni sana, nimelia kusoma hapa. Jioni nimempima kama alivosema fundi, maswali kumi kapata yote, lile la mwanamke kacheka kabisa, sijamuona akicheka tangu augue. Nikamuonyesha picha ya shamba kwenye simu nikamuuliza, liuzwe? Kagonga mara mbili, kwa nguvu, chai ikamwagika. Jumapili baba wadogo wanakuja, kikao kitakaliwa kwenye meza hiyo hiyo na yeye akiwepo.